Viza ikigoma, isomwe barua kwanza kabla ya kulipa tena

SIKONGE. Msimu wa masoko ya tumbaku ukifika, fedha inaonekana Sikonge. Madeni ya pembejeo yanakatwa kwenye AMCOS, ada za watoto zinalipwa, bati zinapanda juu ya nyumba. Siku hizi kuna matumizi mapya: kumsafirisha kijana aliyealikwa majaribio Ulaya, au shabiki mwenye ndugu Toronto aliyeapa kwamba Kombe la Dunia la 2026 hatalitazama banda umiza.

Halafu jibu linaingia kwenye baruapepe. Viza imegoma.

Hapo kila mtu anageuka mchambuzi. Kijiweni wanasema jamaa kabaniwa tu. Kishoka aliyejaza fomu anasema ni bahati mbaya, tuma tena wiki hii hii. Shemeji anashauri akaunti ijazwe pesa kidogo ipendeze. Ada inalipwa upya, karatasi zilezile zinapanda, na baada ya wiki kadhaa linarudi jibu lilelile, safari hii fupi zaidi.

Kukataliwa viza ya muda kunafanana na bao lililokataliwa kwa kuotea. Bao limefutwa, lakini mechi inaendelea na mshambuliaji hajatolewa nje. Ila mshambuliaji anayerudi kusimama palepale, nyuma ya beki yuleyule, atapulizwa filimbi tena hata akifunga kwa kichwa kizuri kiasi gani. Swali la kwanza ni mguu ulikuwa wapi. Na kwa viza, swali hilo lina matawi mawili ambayo vijiweni huyachanganya: kuna mtu aliyekataliwa kwa sababu ya faili lake, na kuna mtu aliyekataliwa kwa sababu ya pasipoti yake. Huyu wa kwanza anaweza kujiandaa upya. Wa pili anaweza kuongeza karatasi hadi zijae kiroba, hazitamsaidia.

Marekani ndiyo mfano wa wazi wa hilo la pili, na ndiko mechi 78 kati ya 104 za fainali zilikopangwa. Desemba 16, 2025, Rais Donald Trump alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania katika kundi la nchi ambazo raia wake wamewekewa zuio la sehemu. Kuanzia Januari 1, 2026, utoaji wa viza za matembezi na biashara, pamoja na za masomo, umesimamishwa kwa wenye pasipoti ya Tanzania, isipokuwa wachache wenye msamaha. Miezi michache kabla, Oktoba 2025, Tanzania ilikuwa tayari imewekwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au hata 15,000.

Tangazo hilo linawaachia wanamichezo, makocha, watu wa lazima wa benchi la ufundi na familia zao za karibu wanaokwenda kwenye Kombe la Dunia. Mashabiki hawamo. Si Watanzania peke yao walioumia: Senegal na Ivory Coast zimefuzu fainali, na bado zimo kwenye orodha hiyo hiyo. Timu inaingia uwanjani, ngoma za mashabiki waliopaswa kutoka nyumbani zinabaki Dakar na Abidjan.

Kuna waliojipa moyo kwa ule mpango wa FIFA na serikali ya Marekani uliotangazwa Novemba 2025, unaowapa wenye tiketi za mechi nafasi ya mapema ya usaili. Miadi ya mapema ni kupunguziwa foleni tu. Haimfungi ofisa kusema ndiyo, na haifuti zuio la nchi.

Soka la Afrika Mashariki linaijua vizuri hadithi ya mtu kukataliwa kwa sababu ya bendera. Dirisha la Januari 2010, McDonald Mariga alikuwa akitoka Parma kwenda Manchester City. Mguu wake haukuwa na tatizo, wala City haikuwa na shida ya fedha. Uingereza ilimnyima kibali cha kazi kwa kuwa Kenya haikuwa ndani ya timu 70 bora za FIFA, kama kanuni ya wakati ule ilivyotaka. Hata wanasiasa wa Nairobi walijaribu kusukuma jambo hilo. Dili likafa. Mariga akaenda Inter Milan, na Mei mwaka huohuo Inter ikatwaa ubingwa wa Ulaya jijini Madrid. Hakubaki akigonga mlango uliofungwa kwa kufuli ambalo yeye hakuwa na ufunguo wake.

Miaka kumi baadaye, Mbwana Samatta alikutana na ukuta wa aina hiyo na kuuvuka. Januari 2020 Tanzania ilikuwa mbali sana na timu 50 bora ambazo wachezaji wake ndio waliokuwa wakipata kibali Uingereza moja kwa moja. Lakini kanuni ilikuwa na mlango wa pili, jopo la FA ambalo klabu iliweza kulipelekea hoja kuhusu thamani ya mchezaji. Aston Villa ilimtangaza Januari 20 kwa sharti la kibali kupatikana. Januari 28 alikuwa uwanjani dhidi ya Leicester, nusu fainali ya Kombe la Ligi. Tofauti ya Mariga na Samatta si kipaji. Ni kama mlango mwingine wa kanuni umefunguka au la, na nani anajua mahali ulipo.

Watu wa Tabora hawapaswi kushangazwa na njia kufungwa. Ndiyo historia ya mkoa wao. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ililipa hongo kwa watawala wa njiani, hasa Ugogo, na Wazungu waliopita huko walijaza vitabu kwa malalamiko ya kusubirishwa siku nyingi hadi idadi ya vitambaa ikubaliwe. Mwaka 1871 Henry Stanley alifika Tabora akakuta vita vya Mirambo na Waarabu vimeifunga njia ya Ujiji. Alijaribu kwanza ubabe, akashindwa. Septemba akaondoka Kwihara na kuzunguka kusini kupitia misitu ya Ugunda, upande inakopita leo barabara ya kwenda Sikonge na Mpanda, akamfikia Livingstone Ujiji. Enzi hizo Mzungu ndiye aliyesimama mlangoni akiomba kupita, na hakupenda hata kidogo.

Kwa shabiki wa mwaka huu, njia ya kuzunguka ni Canada, yenye mechi 13 katika miji ya Toronto na Vancouver. Canada haijawafungia Watanzania. Inachofanya ni kupima faili la mtu mmoja mmoja, na ndiyo maana barua yake ya kukataa inastahili kusomwa neno kwa neno.

Sentensi inayorudi kwenye barua nyingi ni ile inayotaja kifungu cha 179(b) cha kanuni zao za uhamiaji: ofisa hakuridhika kwamba mwombaji ataondoka Canada muda wake ukiisha. Chini yake huorodheshwa vigezo, kama mali na hali ya kifedha, uhusiano wa kifamilia nyumbani na huko aendako, madhumuni ya safari, au kazi. Wengi wakisoma hapo wanaona wameitwa waongo. Sivyo. Sheria za nchi hizi zinamtaka mwombaji ndiye athibitishe kwamba atarudi. Ofisa halazimiki kuthibitisha kwamba hatarudi. Ni penalti ambayo mpigaji ndiye mwenye kazi. Kipa akisimama tu katikati na mpira ukapaa, si kosa la kipa.

Tangu Julai 2025 Canada imeanza kuambatanisha maelezo ya ofisa kwenye barua za baadhi ya waombaji. Hayo ndiyo ya kutafuta kwanza. Mara nyingi ni mistari michache mikavu: chanzo cha fedha hakijaelezwa, mwenyeji hajaonyesha kipato, safari haina sababu ya kutosha ikilinganishwa na kipato cha mwombaji. Ambaye hakuambatanishiwa anaweza kuyapata kupitia sheria yao ya haki ya kupata taarifa, kwa ada ya dola tano, ila ombi lipitie kwa mtu aliyeko Canada kama yule ndugu wa Toronto. Kuomba viza upya bila kuyaona maelezo hayo ni sawa na kocha kubadili kikosi bila kuitazama mechi aliyofungwa.

Sasa twende kwenye fedha, maana hapo ndipo mtu wa Sikonge anapoumia bila kosa.

Ofisa amezoea mshahara. Anafungua stetimenti ya benki akitegemea kuona kiasi kinachofanana kikiingia kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa tumbaku hana kitu hicho. Akaunti yake inalala miezi mingi ikiwa na salio la kubahatisha, kisha siku moja, marobota yakishauzwa na deni la pembejeo kukatwa, linaingia donge la mamilioni. Wiki chache baadaye nusu yake imetoka. Kwa macho ya mtu aliyekaa ofisini mbali na Sikonge, picha hiyo inafanana kabisa na ya mtu aliyekopa hela kwa jirani, akaiweka benki siku kumi kabla ya kuomba viza, ili airudishe ikishapigwa picha. Mmoja ni mkweli na mwingine anaigiza, lakini stetimenti zao ni pacha.

Kinachowatenganisha ni karatasi ya pembeni. Malipo ya tumbaku yana kumbukumbu: uzito, daraja, bei, makato, jina la AMCOS, tarehe. Kumbukumbu hiyo ikiambatanishwa na kuoanishwa na tarehe ambayo donge liliingia benki, hadithi inabadilika. Stetimenti ya miezi 12 au zaidi, inayoonyesha kwamba mwaka uliotangulia pia fedha iliingia kwa mtindo huohuo majira hayohayo, ina nguvu kuliko stetimenti ya miezi mitatu yenye salio nono. Barua ya mwombaji ieleze kwa lugha nyepesi kwamba zao hili huuzwa mara moja kwa mwaka. Ofisa hajui. Hana sababu ya kujua. Aliyekaa kimya akidhani jambo hilo linajulikana ameacha goli wazi.

Hali ni hiyohiyo kwa wa asali, wa ng'ombe na wa duka. Fedha nyingi za Sikonge zinapita kwenye simu na haziigusi benki kabisa, na taarifa za miamala ya simu zinaweza kuombwa kwa kampuni na kuchapwa. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, hati ya hakimiliki ya kimila kwa mwenye shamba kijijini, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki nyumbani: hivi ndivyo nyuzi zinazomfunga mtu na kwao. Vingi viko kwenye sanduku chini ya kitanda. Faili la kwanza halikuviona kwa sababu kishoka alisema havihitajiki.

Kisha kuna suala la lugha. Karatasi ya AMCOS na hati ya kijiji zimeandikwa Kiswahili. Canada inataka kila karatasi isiyo ya Kiingereza au Kifaransa iende na tafsiri, na kama mtafsiri si yule anayetambuliwa rasmi, tafsiri iambatane na kiapo chake. Uingereza nayo inataka tafsiri kamili yenye jina na mawasiliano ya mtafsiri. Hati nzuri ya Kiswahili isiyo na tafsiri ni mchezaji mzuri asiye na leseni: yupo jukwaani anatazama.

Mashabiki wa Tabora wanaikumbuka picha hiyo. Agosti 2023 Tabora United, iliyotoka kuitwa Kitayosce, ilianza Ligi Kuu pale Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu kwa sababu za usajili. Mechi ilikatika mapema ikiwa nyuma 4-0, baada ya wachezaji kupungua chini ya idadi inayoruhusiwa. Mkoa mzima ulikuwa umesubiri siku hiyo.

Kwa kijana wa majaribio, fedha si tatizo kubwa kama mwaliko wenyewe. Barua yenye nembo ya klabu na sentensi mbili za kusifia haimwambii ofisa chochote. Inatakiwa iseme majaribio ni tarehe ngapi hadi ngapi, uwanja gani, atalala wapi, nani analipa tiketi na chakula, nani wa kupigiwa simu kuthibitisha, na atarudi lini. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu mgeni wa viza ya kawaida kufanya majaribio mradi yasiwe mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Barua inayosema kijana "atajiunga na timu" inamwondoa kwenye ruhusa hiyo na kumpeleka kwenye kibali cha kazi, ambacho hakuomba. Neno moja limemwangusha.

Umri nao unasema. Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Kijana wa miaka 16 aliyeahidiwa kusajiliwa Ulaya mwezi ujao anapaswa kushtuka kabla ya ubalozi kushtuka. Na anayejiita wakala lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa jina kwenye tovuti ya shirikisho hilo, hata kwa simu ya bando la mia tano. Ng'ombe wawili wa mzee hawapaswi kuuzwa kabla ya hatua hiyo. Hapa ubalozi wakati mwingine umemwokoa kijana bila yeye kujua: viza imegoma, naye hakutua Ulaya majira ya baridi akikuta klabu haimjui.

Kuna jambo moja linalogeuza kuotea kuwa kadi nyekundu. Fomu za nchi hizi huuliza kama mwombaji amewahi kunyimwa viza, na kwa nyingi swali ni la nchi yoyote. Vishoka wanapenda kuandika hapana, wakiamini Canada haitajua ya Uingereza. Canada, Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand zina makubaliano ya kubadilishana taarifa za uhamiaji, zikiwemo alama za vidole. Aliyesema ukweli kwamba alinyimwa anabaki na historia inayoelezeka. Aliyeficha, au aliyepeleka stetimenti ya kutengeneza, anaweza kufungiwa Canada miaka mitano na Uingereza miaka kumi. Fomu ni ya mwombaji hata kama iliandikwa na mwingine. Kusema "kishoka ndiye alijaza" hakujawahi kuwa utetezi mzuri. Kwa mchezaji, miaka mitano ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu rufaa, nchi hazifanani. Nchi za Schengen hutoa fomu ya pamoja yenye sababu zilizowekewa alama, na mwombaji ana haki ya kukata rufaa kwa utaratibu wa nchi iliyomkataa, ndani ya muda uliotajwa kwenye fomu. Ujerumani iliondoa Julai 2025 ule utaratibu wa kuandikia ubalozi kuomba upitie upya, hivyo imebaki mahakama au ombi jipya. Canada ina Mahakama ya Shirikisho, siku 60 kwa aliye nje ya nchi, lakini mahakama hiyo haitoi viza. Inaangalia kama uamuzi ulifuata sheria, kisha hulirudisha faili kwa ofisa mwingine. Kwa viza ya kutazama mechi mbili, gharama ya wakili inakula safari yote. Ombi jipya lililojibu hoja za ofisa ndilo njia ya watu wengi.

Na ombi hilo la pili lina unafuu ambao wengi hawaujui. Mara ya kwanza mtu wa Sikonge alilipa Canada dola zao 100 za viza na 85 za alama za vidole, akapanda gari hadi Tabora, kisha zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam kuweka vidole. Alama hizo zinadumu miaka kumi. Safari ya pili analipa dola 100 tu, na faili linatumwa mtandaoni bila kutoka nyumbani. Kwa Schengen alama hutumika tena ndani ya miezi 59. Anayedaiwa na kishoka nauli ya kwenda Dar "kurudia vidole" vya Canada mwaka mmoja tu baada ya kuviweka anaibiwa.

Unafuu huo usimtie mtu haraka. Canada haina muda wa lazima wa kusubiri, mtu anaweza kuomba kesho yake, na hapo ndipo wengi wanapochomwa. Kama maelezo ya ofisa yalihusu karatasi iliyokosekana, na karatasi ipo sandukuni, ombi linaweza kwenda mara tafsiri ikikamilika. Kama yalihusu fedha isiyo na historia, hakuna karatasi ya kuitengeneza historia hiyo kwa wiki mbili. Shabiki wa namna hiyo, Kombe la Dunia linaloanza Juni 11 limeshampita, na AFCON ya 2027 ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zinaiandaa haitamdai viza. Kijana wa majaribio yeye anaweza kuiomba klabu isogeze tarehe hadi dirisha la mbele. Masoko ya msimu huu yakifungwa, mzee wake alipwe kupitia benki, aitunze kila karatasi ya AMCOS, na stetimenti itakayofuata itakuwa na misimu miwili badala ya mmoja.